Leso Isiyokunjwa



Wasomaji wetu wapenzi, mmezoea kupata katika ukurasa huu mambo ya malezi, ya mapishi na ya maisha ya ndoa. Wiki hii twaomba radhi, maana tumewaletea jambo ambalo wengi wetu tuliagana nalo siku tulipotoka shule: hesabu. Tena si hesabu ya sokoni wala ya mirathi, bali ya aljebra, ile yenye nambari ndogo inayokaa juu ya bega la nambari kubwa. Msiugeuze ukurasa kwanza. Kisa hiki ni cha malezi vilevile, na tumekileta kwa sababu kilitufika nyumbani kwetu na kidogo kitupotezee imani ya mtoto.

Sisi ni dada wawili. Twaishi katika nyumba moja ya urithi hapa Mombasa, mmoja juu na mwenzake chini, na watoto wetu wamekulia mikononi mwetu sote, hata wageni hushindwa kujua yupi ni wa nani. Kwa hivyo tunaposema "binti yetu", msituulize ni nani kati yetu aliyemzaa. Makosa tutakayoyasimulia tuliyafanya pamoja.

Wakati huo binti yetu alikuwa kidato cha pili. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, sisi tukiwa tumekaa mkekani twachagua mchele wa Ijumaa, alikuja na daftari lake akatuuliza: "Mama, mbona saba ikiwekewa sifuri juu yake inakuwa moja? Kwa nini isiwe sifuri? Au basi ikabaki saba?"

Tulitazamana. Kisha mmoja wetu akasema, "Hiyo ndiyo kanuni, mwanangu. Wewe kariri tu." Na mwenzake, badala ya kunyamaza, akaongeza: "Mtihani hauulizi kwa nini." Binti yetu alisimama kidogo, akalifunga daftari, akaenda zake.

Jambo ambalo hatukumwambia usiku ule ni kwamba swali hilo hilo tulikuwa nalo sisi. Miaka mingi nyuma mmoja wetu alisimama darasani akauliza neno kwa neno kama alivyouliza mtoto. Darasa zima lilicheka, na mwalimu akajibu, "Andika moja, uketi." Tuliandika moja, tukaketi, na tangu siku hiyo hatukusimama tena katika somo la hesabu. Sasa tulikuwa tumeshika kalamu ileile nyekundu, na aliyeketishwa ni mtoto wetu.

Muhula ulipomalizika aliletwa na matokeo yasiyofurahisha. Tuliyapitia madaftari yake tukitafuta kosa liko wapi, na tukaona mambo ya ajabu. Mahali palipofaa kuandikwa 5³ palikuwa na 53. Palipofaa kuwa na 2⁷ palikuwa na 27, na pengine 2 peke yake. Tuliliita jambo hilo uzembe. Tulipomsemesha, hakulia wala hakubisha. Alisema maneno mawili matatu tu: "Hesabu si zangu, mama."

Ikawa hayo si ya hesabu peke yake. Mtoto aliyekuwa akituuliza kila kitu, kwa nini bahari hujaa na kupwa, kwa nini bibi alimwachia mtu fulani haki yake, akaanza kuingia nyumbani kwa salamu, akala, akaosha sahani yake na kuingia chumbani. Adabu ilikuwapo kamili, lakini maswali yalikuwa yamekwisha. Wazazi wengi wangeshukuru kwa utulivu kama huo. Sisi ulitutia hofu, kwa kuwa tulijua siku ulipoanza.

Basi siku moja baada ya Alasiri tulijifunika buibui zetu, tukachukua sahani ya mahamri, tukaenda kwa jirani. Ana binti anayesomea ualimu chuo kikuu, naye alikuwa nyumbani kwa likizo. Tulijifanya tumekwenda kumjulia hali mamake. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za harusi mbili, na magharibi ikikaribia ndipo tulipomwambia yule kijana haja yetu. Hakutucheka. Alituletea kalamu na karatasi, akakaa chini kwenye jamvi nasi, watu wenye umri wa mamake.

Alianza na yale tuliyokuwa tukiyajua. "Tukiandika 2⁴," alisema, "hiyo 4 ndogo ndiyo kipeo. Yatuambia mbili imezidishwa mara nne: mbili kwa mbili kwa mbili kwa mbili, jumla 16." Kisha akapanga ngazi kuelekea chini:

2⁴ ni 16.
2³ ni 8.
2² ni 4.
2¹ ni 2.

"Kila mnaposhuka ngazi moja, mwafanya nini?" akauliza. Tuliangalia. Kutoka 16 hadi 8, kutoka 8 hadi 4, kutoka 4 hadi 2. "Twagawanya kwa mbili," tukajibu. "Basi shukeni ngazi moja zaidi." Mbili ukiigawanya kwa mbili ni moja. Na kipeo kilichofuata baada ya 1 kilikuwa sifuri. Kumbe 2⁰ haikupewa ile moja kwa amri ya mtu, bali ilikuwa ikiingoja pale chini ya ngazi.

Tulitaka kuona kama jambo hilo ni la mbili peke yake, tukajaribu kwa tano. 125, 25, 5; kila ngazi twagawanya kwa tano, na tano kwa tano ni moja. Tukajaribu kwa kumi: 1,000, 100, 10, na kisha 1. Yote yalishukia mahali pamoja.

Akatuonyesha na mlango wa pili. Vipeo vina kanuni kwamba ukigawanya nambari kwa nambari ya asili moja, vipeo vyake hupunguzwa. 5³ ugawanye kwa 5³, vipeo vyatoka tatu kutoa tatu, yaani sifuri. Jibu basi ni 5⁰. Lakini 5³ ni 125, na mwenye shilingi 125 akiwagawia watu 125, kila mmoja atapata shilingi moja. Njia mbili zimefika nyumba moja, kwa hivyo 5⁰ lazima iwe 1. "Kanuni hii ni kwa kila nambari isipokuwa sifuri yenyewe," akatuambia, "kwa sababu kwa sifuri hatuwezi kugawanya, na njia hii yote imepita kwenye kugawanya."

Tulimshukuru, tukarudi nyumbani na karatasi yake. Akili ilikuwa imekubali, lakini moyo bado ulikuwa ukiuliza swali la mtoto. Ikiwa hakuna hata mara moja tuliyozidisha, hiyo moja imetoka wapi?

Jibu lilitujia kesho yake kwenye nguo zilizoanuliwa. Tulikuwa tukikunja leso. Tuliikunja kipande kimoja mara moja, zikawa tabaka mbili. Tuliikunja mara ya pili, zikawa nne. Mara ya tatu, zikawa nane. Mkono wa mmoja wetu ukasimama hewani. Mara moja, mbili. Mara mbili, nne. Mara tatu, nane. Hivyo ndivyo vipeo vya mbili. Na leso ile iliyokuwa bado imetandikwa kitandani, ambayo haijakunjwa hata mara moja, ilikuwa na tabaka ngapi? Ilikuwa na tabaka moja. Haikuwa imetoweka kwa kuwa hatujaikunja. Ile sifuri haisemi kwamba leso haipo. Yasema kazi ya kukunja haijaanza, na kitu ulichoanza nacho kiko palepale, kizima, nacho ni kimoja.

Tuliketi juu ya zile nguo tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Na si yote yalikuwa machozi ya kicheko, kwa kuwa jambo tulilolionea haya zaidi ya miaka ishirini lilikuwa likipita mikononi mwetu kila siku ya kufua.

Hata hivyo, kulijua jibu hakukutosha. Ilibaki kazi iliyo nzito zaidi, nayo ni kumwendea mtoto. Baada ya Isha tulimwita, tukamketisha mkekani palepale alipokuwa ametuuliza. Tukamwambia: "Ile siku ulipotuuliza habari ya sifuri, sisi tulikuwa hatujui. Tuliona haya kukwambia hatujui, tukakwambia ukariri. Tulikosa. Tusamehe." Alitutazama kama mtu anayesikia lugha mpya. Huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumsikia mtu mzima akilitamka neno hilo mbele yake.

Hatukumsomesha. Tulileta ubao wa drafti wa nduguye na bakuli la pojo, tukamwomba aweke punje moja katika nyumba ya kwanza, na kila nyumba inayofuata aiwekee maradufu ya ile iliyopita. Nduguye mdogo akaja kusaidia kuhesabu. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mia moja na ishirini na nane. Safu ya kwanza ilikwisha na pojo zilikuwa zimemwagika kila upande.

"Nyumba ya nane ina 128," tukasema. "Hiyo ni mbili kwa kipeo gani?" Alihesabu kwa vidole. "Saba," akajibu, kisha akakunja uso. "Mbona nyumba ni ya nane na kipeo ni saba?" Hatukumjibu. Alirudisha macho nyuma, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ile punje ya kwanza iliyokuwa peke yake. "Kwa sababu hii haikuongezwa," akasema polepole. "Hii ni kipeo cha sifuri." Kisha akasema neno ambalo hata yule mwalimu kijana hakutuambia: "Na kama hapa ningeweka sifuri, hata ningeongeza maradufu usiku kucha, ubao wote ungebaki mtupu."

Hapo ndipo sisi wenyewe tulipolimaliza somo. Katika kujumlisha, ukitaka kuanza bila kumwathiri mtu, waanza na sifuri, kwa sababu sifuri ukiijumlisha haibadilishi kitu. Katika kuzidisha, sifuri huangamiza kila kinachoigusa. Anayeingia kwa upole asibadilishe kitu ni moja. Na vipeo ni kazi ya kuzidisha. Kwa hivyo mahali pa kuanzia, kabla ya mkono kufanya lolote, ni moja.

Tulipokuwa tukiokota pojo, binti yetu akasema bila kuinua uso: "Kuna jambo jengine." Tukangoja. "Ile nambari ndogo ya juu, mwalimu akiandika ubaoni, mimi siioni. Naketi nyuma. Naiona tano, halafu naona kitu kama vumbi."

Tulihisi damu ikitukauka. Ile 53 tuliyoiita uzembe, ile 27, ile 2 iliyoachwa peke yake. "Tangu lini?" tukauliza. "Tangu mwaka uliopita." "Na mbona hukusema, mwanetu?" Alijibu kwa adabu ileile iliyokuwa ikitutia hofu: "Nilidhani mtaniambia nikaze macho tu."

Tulimpeleka kupimwa macho wiki ile ile, na akavaa miwani. Siku alipoivaa mara ya kwanza alisimama dirishani muda mrefu akitusomea maandishi ya vibao vya maduka ya ng'ambo ya barabara, hata yale ya chini kabisa. Sisi tulikuwa nyuma yake, hatuna la kusema. Mwaka mzima mtoto alikuwa akisoma kwa kubahatisha ndani ya nyumba yenye mama wawili.

Tangu wakati huo tumependa kuulizia habari za hesabu hizi, na tumekuta kwamba si ngeni kwetu kama tulivyodhani. Neno lenyewe, aljebra, limetokana na Kiarabu *al-jabr*, kurudisha na kuunga kilichovunjika, nalo limo katika jina la kitabu alichokiandika Al-Khwarizmi mjini Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, karne ya 9. Sifuri yetu ya Kiswahili ni *sifr* ya Kiarabu, yaani kitu kitupu, na hesabu ya kuitumia iliwafikia Waarabu kutoka Bara Hindi. Na katika karne ya 12 kijana mmoja mzaliwa wa Baghdad, As-Samaw'al, aliandika kitabu cha aljebra akiwa na umri wa miaka 19 tu. Humo alipanga vipeo katika jedwali, vinavyopanda upande mmoja na vinavyoshuka katika sehemu upande wa pili, na katikati akaiweka moja, chini ya sifuri. Swali la binti yetu lilikuwa limeshajibiwa karne nyingi kabla ya sisi kumwambia akariri.

Lakini aliyetugusa zaidi ni Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282 na aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Damascus. Katika kitabu chake cha tarajama za watu mashuhuri amesimulia kisa cha aliyebuni mchezo wa sataranji, ambaye mfalme alitaka kumtunza, naye akaomba nafaka tu: punje moja katika nyumba ya kwanza ya ubao, na maradufu katika kila inayofuata, mpaka nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo dogo mno. Kumbe jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615, na hakuna ghala duniani la kuzitia. Kadhi huyo ameandika wazi kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shaka na hesabu hiyo, mpaka karani mmoja wa Alexandria alipomwonyesha njia yake, naye akasadiki. Mtu wa elimu na cheo kama chake hakuona haya kuandika kwamba alikuwa hajui na kwamba aliyemjulisha ni karani. Sisi wa mkekani tulimwonea haya mtoto wa kidato cha pili.

Wazazi wenzetu, hatusemi kila mama ajifunze aljebra. Twasema jambo dogo kuliko hilo. Mtoto anapouliza "kwa nini", mara nyingi hiyo ndiyo nyumba ya kwanza ya ubao wake. Tukiweka humo punje moja, hata ikiwa ni neno "sijui, njoo tutafute", atarudi na la pili, na siku moja ataleta lile zito alilolificha, la macho, la rafiki, la mtu aliyemtisha njiani. Tukiweka sifuri, tusishangae ubao ukibaki mtupu.

Mtakaotaka kujua mwisho wa habari, binti yetu hakuwa wa kwanza darasani. Alama zake zilipanda taratibu, akamaliza shule kwa daraja ya kuridhisha, na sasa ndiye anayemwelekeza nduguye. Juzi tulimsikia kijana huyo akimuuliza dadake kwa nini nambari hasi mbili zikizidishwa hutoa chanya. Alifikiri kidogo, akasema, "Najua ndivyo ilivyo, lakini sababu yake siikumbuki vizuri. Lete karatasi." Sisi tulikuwa jikoni. Tulizima moto ili tusikie vizuri.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe subira mbele ya maswali ya watoto wetu, atusamehe yale tuliyoyanyamazisha, na awafungulie milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.